Panya Jike na Mimba Isiyotarajiwa: Hesabu Siku Kabla ya Kutazama Tumbo

"Ana mimba au hana?" Hilo ndilo swali la kwanza la kila mfugaji aliyeshtuka kumwona panya wake amenenepa ghafla. Ni swali la haki, ila kwa panya jibu lake huja limechelewa. Mimba ya panya wa kufugwa huchukua siku 21 hadi 23 tu, na tumbo halionyeshi kitu cha kuaminika mpaka zipite kama wiki mbili. Siku utakayosema kwa yakini kwamba amebeba, umebakiwa na wiki moja, pengine pungufu, ya kutayarisha kila kitu. Swali lenye faida zaidi ni hili: mara ya mwisho jike huyu kuwa pamoja na dume ilikuwa lini?

Chukua tarehe hiyo, uongeze siku 23. Kama walitenganishwa tarehe 1 Machi, basi siku ya mwisho ya kutarajia watoto ni tarehe 24 Machi. Mpaka hapo mtendee kama mja mzito. Hupotezi kitu, kwa sababu chakula kizuri, tundu safi na utulivu havimdhuru jike asiye na mimba. Zikipita siku mbili tatu zaidi, tumbo liko vile vile na jike anachangamka, unaweza kutulia. Kama hujui historia yake, kwa mfano umemnunua sokoni au umempokea kwa mtu anayehama mji, anza kuhesabu siku aliyoingia nyumbani kwako, ukichukulia kwamba asubuhi hiyo hiyo alikuwa na madume.

Hali moja huvuruga hesabu hii. Jike aliyezaa hurudi kwenye joto, yaani hali ya kuwa tayari kupandwa, ndani ya saa 24. Akipandwa wakati huo, akaanza kunyonyesha, mwili wake huweza kuchelewesha mayai yaliyorutubishwa kujishikiza kwenye kizazi, na mimba hiyo ya pili hurefuka kwa siku kadhaa, hata wiki nzima. Basi kwa jike anayenyonyesha ambaye alikuwa na dume siku ya kuzaa, hesabu mwezi mzima na usitulie kabla yake.

Imetokeaje?

Watu wengi huapa kwamba jike wao hajawahi kukaa na dume. Wanasema kweli kadiri wanavyojua, ila panya hahitaji kukaa. Jike asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 4 au 5, na joto hilo hudumu kama nusu siku, mara nyingi usiku. Kupandana kwenyewe ni suala la sekunde. Dakika chache za kucheza pamoja sakafuni zinatosha, na hata matundu mawili yaliyosogezwa mpaka yakagusana yanatosha, kwa maana panya hupandana kupitia waya.

Sababu inayotokea zaidi ni kukosea jinsia. Muuzaji anakuambia hawa ni ndugu wawili wa kike, nawe unaamini kwa kuwa wote wadogo na wote weupe. Dume mdogo huweza kuzivuta korodani zake tumboni akishikwa na woga au baridi, akaonekana kama jike kwa mtu anayemtazama haraka. Tena panya hupevuka mapema mno: wengine huwa tayari kuzaliana wakiwa na wiki 5 tu. Yule uliyemnunua ukidhani ni mtoto, huenda ameshabeba mimba ya kaka yake. Na dume aliyehasiwa asirudishwe kwa majike siku ya pili. Mbegu zilizobaki mwilini huweza kutungisha mimba kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Muulize daktari aliyemhasi asubiri mpaka lini.

Hapa Mombasa huulizwa pia: je, panya wa mwituni anaweza kumtia mimba huyu wangu? Inategemea ni nani aliyepita. Panya wa kufugwa, hata awe mweupe pepe, ni wa jamii ya panya wa kahawia, *Rattus norvegicus*, yule mkubwa anayependa mitaro na maghala, ambaye meli zimemtawanya katika bandari za dunia. Huyo wanazaliana. Panya wa paa, mwembamba mwenye masikio makubwa na mkia mrefu kuliko kiwiliwili, ni jamii nyingine, *Rattus rattus*, na hawapati watoto pamoja. Panya buku, wale wanaofunzwa na shirika la APOPO kule Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, wako mbali zaidi kinasaba, kwa hiyo usichukue hesabu za mimba ya buku ukazitumia kwa panya wako. Hata pale mimba haiwezekani, panya wa nje huleta viroboto na maradhi kama leptospirosisi kupitia mkojo wake. Tundu lisiwe mahali anapoweza kulifikia.

Tumbo linalodanganya

Mtazame panya kwa juu anapotembea. Mwenye mimba iliyokomaa hupanuka nyuma ya mbavu, pande zote mbili, wakati mabega yamebaki vile vile. Chuchu zake, ambazo ni 12, hujitokeza na manyoya yanayozizunguka hupungua kuanzia kama siku ya 14. Siku za mwisho huanza kukusanya karatasi, kuburuta vitambaa, kuwafukuza wenzake pembeni anapolala. Dalili hizi zikija pamoja, na tarehe zako zinakubali, usiwe na shaka.

Ugumu uko kwa dalili moja moja. Panya aliyenenepa kwa mahamri na viazi vya karai huwa mnene kila mahali, mpaka shingoni na kifuani. Jike mwenye umri mkubwa akiwa na donge upande mmoja, karibu na kwapa au paja, mara nyingi ni uvimbe wa tezi za maziwa, kitu kinachowapata sana panya majike. Tezi hizo zimeenea kutoka shingoni mpaka kinenani, ndiyo maana uvimbe hutokea mahali usipopategemea. Tumbo kubwa pamoja na unyonge, kutokula na uchafu wenye harufu unaotoka ukeni ni ishara ya kizazi kujaa usaha, na huyo anahitaji daktari leo. Kisha iko mimba ya uongo: jike aliyepandwa bila kutunga mimba huweza kujenga kiota na kubadilika tabia kwa karibu wiki mbili, halafu yote yakaisha.

Mizani ya jikoni itakusaidia kuliko macho. Mpime kila baada ya siku moja, saa ile ile, ndani ya kibakuli, uandike. Mwenye mimba hupanda uzito kwa kasi katika wiki ya mwisho. Lakini panya mchanga naye hukua kila siku, kwa hiyo kwake mizani peke yake si ushahidi. Usimbonyeze tumbo kutafuta watoto, unaweza kuwaumiza. Daktari mzoefu anaweza kuwapapasa, na mifupa yao huonekana kwa eksirei siku za mwisho za mimba.

Madaktari wengi wa mifugo hapa hushinda na ng'ombe, mbuzi, mbwa na paka. Hilo si kosa lao, ila usisubiri usiku wa dharura ndipo uanze kuuliza. Piga simu mapema, useme wazi kwamba ni panya wa kufugwa, uulize kama amewahi kumpa mnyama mdogo hivyo dawa ya usingizi. Kama hutaki watoto kabisa, upasuaji wa kutoa kizazi katika siku za mwanzo unawezekana kwa daktari mwenye ujuzi huo. Kila siku inayopita huongeza hatari, kwa hiyo uamuzi huo hauvumilii kuahirishwa.

Joto la Pwani

Hapa ndipo maelezo mengi ya ufugaji huwapotosha wafugaji wa Mombasa. Yameandikwa kwa ajili ya watu wa Uingereza na Marekani, ambao hofu yao kubwa ni baridi. Wanaambiwa waweke kiota chumba chenye joto, wafunike tundu, waongeze matandiko. Ukiyafuata hayo Mombasa wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari au Machi, adhuhuri ikivuka nyuzi 32 na unyevu umejaa hewani, unaweza kumuua mama.

Panya hatoki jasho kama sisi. Mkia wake usio na manyoya ndio njia yake kubwa ya kutoa joto, na akizidiwa hujipaka mate mwilini. Mwenye mimba ana mzigo wa joto la ziada kutoka kwa watoto, na anayenyonyesha vile vile. Ukimwona amejilaza chali au kifudifudi kama kitambaa kilichotupwa, anahema kwa mdomo, mhamishe kivulini mara moja, umloweshe mkia na miguu kwa maji ya kawaida, siyo ya barafu, umwite daktari asipoamka haraka.

Mpangilio unaofaa si wa gharama. Tundu likae chumba kinachopitisha upepo, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri na mbali na bati. Feni izungushe hewa chumbani lakini isimwelekee moja kwa moja, maana watoto walio uchi hupoteza joto kwa upepo hata hapa kwetu. Weka kipande cha kigae cha sakafu upande mmoja wa tundu, ajilaze anapotaka ubaridi. Stima ikipotea, chupa ya maji yaliyogandishwa, imefungwa vizuri kwa kitambaa na kuwekwa mbali na kiota, humpa mahali pa kukimbilia. Tangi la kioo la samaki usilitumie kabisa: hewa haitembei, joto linanasa, na harufu ya mkojo inakusanyika.

Harufu hiyo ni amonia, nayo huchoma mapafu. Panya wengi wa kufugwa wanabeba bakteria wa *Mycoplasma pulmonis*, ambao hutulia mpaka mwili ukichoka ndipo waanze kumtoa chafya na kumkoromesha kifua. Mimba huchosha mwili. Kwa hiyo badilisha matandiko mara kwa mara kabla ya kuzaa, hasa siku za mvua za Aprili na Mei ambapo kila kitu hubaki na unyevu. Maranda ya seremala yanavutia kwa kuwa ni ya bure, lakini hujui ni mbao gani. Misonobari na mierezi ina mafuta yanayowasha njia ya hewa, na mbao nyingi hutiwa dawa ya mchwa. Vipande vya karatasi nyeupe na tishu zisizo na manukato ni salama zaidi. Leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa bila manukato inafaa pia, ukikata pindo lenye nyuzi zinazoning'inia, kwa sababu nyuzi humfunga mtoto mguu. Pamba ya dukani ile laini iache kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha wako maadui wa nyumbani. Sisimizi na siafu hufika kwenye kiota kwa harufu ya maziwa na damu, na huweza kuwaua watoto usiku mmoja. Simamisha miguu ya meza ya tundu ndani ya makopo yenye maji. Paka wa Mji wa Kale hawahitaji kuelezewa. Kunguru nao wasipewe nafasi, usiweke tundu barazani wala juu ya nyumba. Na jirani akitega sumu ya panya, hakikisha hakuna chembe inayoweza kufika kwako.

Waya za tundu la kawaida zimeachana kiasi kwamba mtoto wa siku chache hupenya. Kwa uzazi, sanduku la plastiki lenye kina, lililokatwa madirisha makubwa na kuzibwa kwa wavu wa chuma wenye vijitundu vidogo, ni bora zaidi. Wavu wa mbu ataukata kwa meno. Liwe la ghorofa moja, bila ngazi za kupanda, na mwondoe dume kabla siku hazijakaribia kwa sababu ya lile joto la baada ya kuzaa.

Chakula na maji

Hapa jiko la Pwani linatosha. Juu ya chakula chake cha kila siku cha nafaka, muongezee protini: yai la kuchemsha, dagaa waliolowekwa chumvi ikatoka, kipande cha kuku, pojo au kunde zilizopikwa zikaiva. Mchicha, sukumawiki na boga kwa kiasi. Maharagwe mabichi ni sumu kwake. Vyenye sukari na mafuta mengi vitamnenepesha, na mama mnene huzaa kwa taabu.

Mahindi na njugu ziwe safi kweli kweli. Sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ini la panya huathiriwa nayo kwa urahisi sana. Usimpe panya nafaka ambayo wewe mwenyewe usingeila. Na maji ni hivyo hivyo: katika mitaa inayotumia visima vya maji ya chumvi, mpe maji unayokunywa wewe. Yasikauke hata saa moja, kwa kuwa anayenyonyesha hunywa mno, na mama mwenye kiu huweza kuwadhuru watoto wake.

Siku yenyewe

Jike huanza kujinyoosha, ubavu ukijikunja na kuachia, kisha hukaa akijilamba. Damu kidogo ni kawaida. Watoto hutoka mmoja baada ya mwingine, kwa kawaida 6 hadi 14, na shughuli nzima huchukua saa moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Mama huwalamba, hukata vitovu, hula kondo la nyuma. Kazi yako ni kukaa mbali, kupunguza kelele na kuwazuia watoto wa nyumbani wasije kuchungulia.

Ingilia kwa kumwita daktari yakitokea haya: uchungu wa zaidi ya saa mbili bila mtoto, mtoto aliyekwama nusu, damu nyekundu inayoendelea kutoka, uchafu unaonuka, au mama aliyejikunyata akiwa baridi na hajali kinachoendelea. Siku ya 24 ikipita na tumbo likiwa kubwa, mpeleke. Usimpe dawa ya kuongeza uchungu ya binadamu, mitishamba, wala vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini. Baadhi yake, kama za jamii ya tetrasaiklini, huharibu mifupa na meno ya watoto walio tumboni. Ukiona wekundu kuzunguka macho au pua yake usidhani ni damu. Ni rangi iitwayo pofirini, hutoka panya akichoka au akiugua, nayo inakuambia umchunge kwa karibu.

Iko imani kwamba ukimgusa mtoto mama atamla kwa sababu ya harufu ya mkono. Kwa panya aliyekuzoea si hivyo. Mama hula watoto waliokufa au wagonjwa, au akiwa na njaa, kiu au hofu kubwa. Mpe saa 24 za utulivu. Kesho yake mtoe kwa kipande cha yai, osha mikono, ipake matandiko ya kiota, uwahesabu watoto na kuwaondoa waliokufa. Watoto huzaliwa uchi, wamefumba macho, gramu 5 au 6 kila mmoja, na ngozi yao ni nyembamba mpaka unaona doa jeupe la maziwa tumboni. Doa lipo, amenyonya. Kiota kizima kikikosa doa hilo, mama hana maziwa au ni mgonjwa. Msaada bora hapo ni jike mwingine anayenyonyesha, kwa kuwa kuwalea kwa mkono, kila saa mbili usiku na mchana, hufaulu mara chache.

Wakiendelea vizuri hubadilika upesi. Manyoya huota katika wiki ya kwanza, macho hufunguka kati ya siku ya 14 na 16, na muda mfupi baadaye huanza kudokoa chakula cha mama. Wazoeshe mkono kila siku kwa dakika chache.

Kuwatenganisha

Hii ndiyo kazi ambayo wengi huiacha mpaka ikawa mimba tano badala ya moja. Panya dume hana chuchu kabisa. Kwa hiyo kati ya siku ya 8 na ya 12, kabla manyoya hayajafunika tumbo, geuza kila mtoto: mwenye safu mbili za vidoa ni jike. Linganisha pia nafasi iliyopo chini ya mkia, kati ya kiungo cha uzazi na njia ya haja kubwa; ya dume ni ndefu karibu mara mbili. Andika matokeo siku hiyo hiyo, urudie wiki ya nne, wakati korodani zinaonekana wazi.

Wakitimiza wiki 5, madume waondoke kwa mama na kwa dada zao. Fanya hesabu uone kwa nini: watoto 10, nusu majike, wakiachwa pamoja mpaka wiki ya sita, kufikia wiki ya tisa majike hao watano huweza kuzaa, na kila mmoja akipata wanane ni watoto 40 wapya, mama yao hajahesabiwa.

Anza kuwatafutia makao mapema, wakiwa bado wananyonya. Katika nyumba nyingi za Mombasa panya ni mharibifu, na Waislamu wengi wanajua kwamba Hadithi imemtaja miongoni mwa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka. Kijana atakayekuambia "nitamchukua mmoja" huenda hajamuuliza mamake. Zungumza na mkubwa wa nyumba mwenyewe, na uwape wawili wa jinsia moja, kwa kuwa panya mpweke hunyong'onyea. Usiwaachie uchochoroni wala bustanini. Hawajui kujitafutia, na aliyenusurika na paka atakwenda kuzaliana na panya wa mitaroni. Wape wanaomchukua karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa, jinsia na siku alipotenganishwa na madume. Mama mwenyewe anaweza kubaki na binti zake tundu moja, akila chakula kile kile cha protini kwa wiki chache zaidi mpaka mwili urudi.